Upande wa Chini wa Jiwe

Ilikuwa mwisho wa mwezi, saa ya chakula cha mchana, na jengo lile la biashara lilikuwa limefurika watu. Walipanda na kushuka ngazi na mifuko yao, watoto walililia aiskrimu, na spika ya duka la viatu ilipiga kelele peke yake bila kusikilizwa na mtu. Katikati ya ukumbi wa chini, mahali ambapo wiki iliyotangulia paliuzwa magodoro, Chama cha Wapenda Mawe kilikuwa kimepanga meza zake na kutandika vitambaa vyeusi.

Wengi walipita tu. Jiwe ni jiwe, walisema, hata uani kwetu yapo. Waliosimama waliuliza bei, wakaambiwa hayauzwi, wakaona wamepotezewa muda.

Mwanamke mmoja alisimama na hakuuliza bei. Alikuwa amevaa gauni la bluu la kazini lenye kola nyeupe, viatu vya chini, na kitambaa cha njano kichwani kilichofungwa kwa haraka ya mtu asiyetarajia kutazamwa. Alitoka ofisini kuja kununua chaja ya simu, basi. Aliokota kipande cha kwatzi mwisho wa meza, na badala ya kutazama fuwele zake zilizokuwa zinameremeta, alikigeuza akaangalia chini.

"Aa! Wewe si mpita njia," ilisema sauti ng'ambo ya meza.

Aliinua macho. Mwanamume mrefu, aproni ya ngozi kifuani, miwani moja puani na nyingine juu ya kichwa, na vumbi jeupe kwenye nyusi kana kwamba ametoka kuchekecha unga.

"Umejuaje?"

"Tangu asubuhi kila mtu anaangalia panapong'aa. Wewe peke yako umeligeuza."

"Mama yangu alikuwa hivyo. Nimeiga tu."

"Basi mlete tumpe uenyekiti. Huyu wetu ameshachoka."

"Nimekusikia, Vumbi," alisema mwenyekiti, mama mmoja mnene aliyestaafu benki, bila kugeuka.

"Mama amefariki," alisema yule mwanamke.

Vumbi, maana ndivyo wanachama walivyomwita, aliweka chini alichokuwa ameshika. "Pole sana. Mdomo wangu huu, basi tu."

"Hukujua. Ni mwaka sasa."

Alikuwa anarudisha jiwe mezani aondoke zake, lakini mwanamume alikuwa amekunja uso kama anayetafuta funguo mifukoni. "Ngoja. Sema tena 'ni mwaka sasa'."

"Kwa nini?"

"Hiyo sauti naijua. Asante kwa kusubiri, simu yako ni muhimu kwetu... Ni wewe! Kampuni ya maji!"

Alicheka bila kupanga. "Ni mimi."

"Mwezi uliopita ulinisubirisha mpaka chai ikapoa."

"Maji yalirudi?"

"Yalirudi."

"Basi lalamiko limefungwa," alisema kwa ile sauti yake ya kazini, na Vumbi akacheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka juu ya meza. Tuseme ukweli, yapo mapenzi mengi yaliyoanza kwa upuuzi zaidi ya huo.

Alirudi ofisini bila chaja. Jambo hilo aliligundua jioni, simu ilipozima.

Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoachiwa na mama yake. Peke yake ni neno jepesi kwa anayelitamka tu. Yeye alilijua kwa undani: kikombe kimoja kwenye kichanja cha vyombo, mlango unaofunguliwa na mtu yuleyule aliyeufunga. Mchana kutwa aliongea na watu, wenye bili zisizoeleweka na wenye mabomba yaliyopasuka, akiwapoza mmoja baada ya mwingine. Mwisho wa wiki aliweza kufika Jumapili jioni hajatamka neno, mpaka dada yake mkubwa apige simu kutoka nchi aliyoolewa.

"Mdogo wangu, hayo mawe umeyatoa?"

"Bado, dada."

"Yatakuzika mzima. Nyumba imekuwa kama machimbo."

"Nitayatoa."

"Unasema hivyo kila Jumapili." Kisha dada alikuwa hana la kusema tena, lakini hakukata. Wote wawili walikaa wakisikilizana wakipumua, kila mtu na nchi yake.

Mawe yalikuwa ya mama. Mama alikuwa mkunga, na kila alikokwenda aliokota, au alinunua kwa wachimbaji waliomjua kwa kuwazalisha wake zao. Yalijaa sebuleni, kwenye korido na juu ya friji. Hakuwahi kujiunga na chama chochote. Hakujua kama vipo. Lakini alikuwa na utaratibu wake. Kila jiwe aliligeuza, akalitia tone la rangi nyeupe ya kucha, na rangi ikikauka aliandika namba juu yake kwa wino mweusi. "Bila namba ni kokoto tu," alikuwa akisema.

La mwisho lilikuwa jiwe la zambarau, ukubwa wa ngumi mbili, fuwele juu na mwamba wa kijivu chini. Mama aliliandika akiwa kitandani, wiki ileile aliyopelekwa hospitali asirudi. Mkono ulikuwa unatetemeka hata kijiko ulikuwa haukishiki, na namba ikatoka imepinda, nusu yake imeteleza nje ya rangi nyeupe. Binti alikuwa amekaa pembeni ameshika kichupa cha wino. Baada ya mazishi aliliweka jiwe hilo karibu na kitanda chake, na tangu hapo hakuligeuza. Mengine yote aliyageuza, lile hapana.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye chama. Alijidanganya kwamba anakwenda kuuliza nani anaweza kuyachukua mawe ya marehemu. Lakini alivaa gauni la kijani, na kitambaa cha kichwani alikifunga mara tatu mbele ya kioo.

Chama kilikuwa na vyumba viwili vya kukodi nyuma ya kiwanda cha uchapishaji. Chumba cha kwanza kilikuwa cha wakataji: mashine zinaunguruma, maji yanaruka, watu wameinamia magurudumu ya msasa wamelowa mpaka viwiko. Chumba cha pili kilikuwa cha watunzaji, watu wa makabati na lensi, waliokunywa chai na kunong'ona kana kwamba mawe yamelala. Watunzaji waliwaita wenzao wachinjaji. Wakataji nao waliwaita watunzaji walinzi wa makaburi. Walitaniana hivyo miaka nenda miaka rudi, na biskuti walichangia.

Katika chumba cha wakataji, jiwe halipandi kwenye mashine kabla halijachorwa alama. Alama ndiyo inayoonyesha pa kuondoa, na fundi mzuri ni yule anayemaliza kazi pasibaki hata kivuli cha alama. Katika chumba cha watunzaji, alama iliyo kwenye jiwe haiguswi na mtu, hata likiwa limepita mikono kumi, kwa sababu alama ndiyo ukoo wake. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na mlango mmoja tu, tena haukuwa na kitasa. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona haja ya kumweleza mwenzake.

"Umekuja!" Vumbi alitokea mlangoni na vikombe viwili. "Nilimwambia mwenyekiti hutakuja, ili nikikosea nifurahi."

"Na ukipatia?"

"Ningekunywa chai zote mbili."

Vumbi alikuwa fundi miwani. Wiki nzima alisaga vioo vya macho ya watu dukani kwake, na Jumamosi alisaga mawe ili apumzike, jambo ambalo wenzake waliona ni wazimu. Mkewe aliondoka zamani, bila ugomvi, kama mpangaji anayehama. Tangu hapo aliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka na kula amesimama, kwa kuwa kukaa mezani peke yake kulimkera. Hakumwambia mtu. Dukani alikuwa mcheshi, kwenye chama mcheshi zaidi, na jioni alizungumza na redio.

Basi simu zilianza.

"Haloo."

"Hapo ni kampuni ya maji?"

"Ofisi imefungwa, mteja."

"Nina dharura."

"Dharura gani?"

"Nimepika wali wa watu wawili. Nimejihesabu, najikuta mmoja."

"Hebu hesabu tena."

"Nimehesabu, laazizi. Mmoja."

"Haya, funika sufuria. Nakuja."

Alikwenda. Walikula wamekaa. Na Vumbi akaja kwake, akapita kwenye korido akiyasalimia mawe, "Shikamooni," akamfanya acheke kwa sauti katika nyumba ambayo haikuwa imesikia kicheko tangu msiba. Mawe yalikaa sawa kwenye rafu, fuwele juu, namba chini. Mwanamke hakumwonyesha namba. Kumwonyesha kungekuwa kumweleza habari za kichupa cha wino, na hakutaka kulia mbele ya mtu aliyemjia kwa kucheka. Alijisemea atamweleza siku nyingine.

Siku ya Jumamosi moja walikuwa wanatoka chamani. Wote walikuwa wamepigwa na jua na furaha, yeye katika gauni lake la kijani, mwenzake ananyoosha mgongo. Mwanamke alitoa jiwe la zambarau kwenye mkoba, limefungwa kanga.

"Hili linayumba. Kila nikigusa kitanda linalala upande. Nisawazishie chini lisimame."

"Chini nipunguze kiasi gani?"

"Popote, we si ndiye fundi? Juu tu usiguse."

"Juu? Mimi nina roho ya hivyo? Juu hata kupumulia sitapumulia."

"Mchinjaji wewe."

"Mlinzi wa makaburi wewe."

Alisema yale akiwa na mkono begani kwa Vumbi, anacheka, na kwa dakika ile hapakuwa na mama wala msiba duniani. Alimpungia mkono, akaenda zake akiimba.

Vumbi alirudi ndani, akaligeuza jiwe juu ya meza yake ya kazi, akaona tone jeupe na namba iliyopinda. Alama, alijisemea. Mama mtu alikuwa amepima pa kukata, kabla hajajaliwa kukata. Roho yake ililainika kabisa alipowaza hivyo, akaona anamalizia kazi ya marehemu. Alisaga polepole, akabadilisha msasa, akasaga tena, akaosha. Palipokuwa safi, hakuridhika na kusawazisha tu. Alipang'arisha mpaka pakawa kioo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuufanyia upande ambao hautazamwi.

Alimpelekea jioni. Mwanamke alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mezani, likasimama imara. Akapiga makofi. Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaligeuza.

Aliona uso wake mwenyewe.

"Iko wapi?"

"Nini, kipenzi?"

"Namba."

"Ile alama? Nimeitoa yote," Vumbi alisema kwa fahari. "Tafuta na lensi, hutaiona."

Mwanamke alikaa chini. Alipitisha kidole pale palipong'aa, mara moja, mara ya pili. "Ule ulikuwa mkono wa mama yangu."

"Mkono?"

"Aliandika anakufa! Nilimshikia wino. Kijiko alikuwa hashiki, akaniambia nimgeuzie jiwe aandike. Ni kitu cha mwisho alichoandika duniani, na wewe umekifuta ukapang'arisha!"

Vumbi alirudi nyuma hatua moja. "Mpenzi, sikujua. Kwetu alama..."

"Hukujua? Si uliniona siku ya kwanza? Kila jiwe nikilishika naligeuza! Ulidhani naangalia nini?"

"Nilidhani unaangalia linavyokaa."

"Toka."

"Nisikilize kidogo."

"Toka, nakuomba. Toka nisiseme kitu kibaya."

Vumbi alisimama mlangoni mdomo wazi. Palikuwa na sentensi hapo, fupi, ya kweli, imeshafika kwenye ulimi. Aliufunga mdomo akaondoka.

Mwanamke hakwenda tena kwenye chama. Namba ya Vumbi aliizuia kwenye simu. Mwenyekiti alipiga kuuliza afya yake, akajibiwa kwamba kazi zimezidi. Dada alipopiga Jumapili alisimuliwa yote, na kwa mara ya kwanza hakusema habari ya kuyatoa mawe.

"Alifanya makusudi?"

"Sijui."

"Wanaume wengine wanaona wivu hata na marehemu."

Neno hilo lilimkaa. Alilirudia akipika, alilirudia kwenye foleni ya benki, na kila alipolirudia lilizidi kufaa. Vumbi alikuwa na wivu. Alitaka nyumba isiwe na mama. Mtu aliyeumia hupenda sababu iliyonyooka.

Lakini upweke uliorudi haukuwa ule wa kwanza. Ule wa kwanza alikuwa ameuzoea, ulikuwa na mahali pake kama kiti kibovu ambacho hakuna anayekikalia. Huu mpya ulimfuata. Sasa alijua kicheko kinavyosikika katika korido ile, na korido ilikuwa kimya. Alipika, akajikuta amepima wali wa wawili. Alikula amesimama.

Siku moja mchana, kazini, aliingia mteja kwenye laini yake.

"Huduma kwa wateja, habari za mchana, nikusaidie nini?"

Alisikia pumzi tu. Kisha, "Ni mimi."

Kwenye ukumbi ule wa simu, mhudumu haruhusiwi kumkatia mteja, na kila neno linarekodiwa. Pembeni yake wenzake walikuwa wanaongea, visikizio vichwani. Alinyoosha mgongo. "Naomba namba ya mita yako, mteja."

Vumbi aliitaja.

"Tatizo ni nini?"

"Nimeharibu kitu cha mtu."

"Hilo halihusiani na kampuni, mteja."

"Najua. Naomba lipokelewe tu. Nilifuta kitu ambacho hakirudishiki. Sikuuliza. Niliona maandishi nikaona kazi, sikuona mtu. Nilipaswa kuuliza, swali lenyewe lilikuwa la neno moja. Siombi kurudishiwa chochote."

"Lalamiko lako limepokelewa. Kuna lingine?"

"Hapana. Maji yanatoka vizuri."

"Asante kwa kupiga simu. Uwe na siku njema."

Alipokea mteja aliyefuata, akamsaidia vizuri. Kisha aliomba ruhusa, akaenda chooni, akafungua bomba lipige kelele, akalia mpaka kola ikalowa. Kwa Vumbi hakupiga. Angesema nini? Msamaha ulikuwa mzuri, lakini namba haikuwepo.

Zilipita wiki. Mwisho wa mwezi msimamizi wao aliwakusanya wahudumu wote kwenye chumba cha mkutano, kama desturi ya ofisi ile, kuwasikilizisha baadhi ya simu zilizorekodiwa. Mbaya ili waone makosa, nzuri ili waige.

"Sikilizeni hii," msimamizi alisema, anajizuia kucheka. "Mteja kachanganyikiwa kabisa, sijui kafuta nini. Lakini angalieni mwenzenu, hata sauti hakupandisha."

Rekodi ikachezwa. Wenzake walicheka. "Maji yanatoka vizuri," mmoja aliigiza, wakacheka tena, na mwingine akampiga begani kumpongeza. Yeye alikuwa ameganda kwenye kiti.

Kwanza alisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa laini, safi, haina mtu ndani. Halafu alimsikia Vumbi, na safari hii, kwa kuwa hakulazimika kujibu, alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anasubiri kitu. Alikisubiri katika kila sentensi, akiwa amekaza taya, na rekodi ikaisha bila kukisikia. Nilifuta, alisema. Sikuuliza, alisema. Hakuna mahali aliposema: wewe mwenyewe uliniambia chini, popote.

Alijikumbuka yuko barabarani, mkono begani, anacheka. Juu tu usiguse.

"Unaumwa?" jirani yake aliuliza.

"Naomba niende nyumbani," alisema, lakini hakwenda nyumbani.

Duka la miwani lilikuwa na mteja, babu mmoja aliyekuwa anajaribu kusoma herufi ukutani na kubishana nazo. Vumbi alimwona mwanamke akiingia, akashikilia kaunta. Nyusi zilikuwa safi. Tangu ile siku hakuwa amegusa jiwe.

"Ile ni M," alisema babu.

"Ni W, mzee wangu," Vumbi alisema bila kumtazama.

"Mbona huangalii ukutani?"

"Mzee, nakuomba, rudi kesho. Nitakupunguzia."

Babu aliwatazama wote wawili, akaelewa zaidi ya alivyoweza kusoma, akachukua bakora yake akatoka. Mlango ulijifunga.

"Mbona hukusema?" mwanamke aliuliza.

"Kitu gani?"

"Kwamba ni mimi niliyekwambia. Chini, popote. Ulisimama pale mlangoni, mdomo wazi, hukusema. Umepiga simu hukusema. Mbona hukusema?"

Vumbi alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Nilitaka kusema. Ilishafika hapa."

"Sasa?"

"Ningeshinda. Halafu ningerudi huku na ushindi wangu, tule wali wawili, mimi na ushindi."

Mwanamke alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya taa ya kupimia macho. Gauni la kazi lilikuwa limekunjamana, na kitambaa cha kichwa kilikuwa kimelegea, hakujali. "Nilijua namba iko pale. Mwaka mzima nililala nayo kichwani, jiwe hilo nilikuwa nashindwa hata kuligeuza. Siku ile nikakupa tu, kama mtu anayetoa sufuria ikazibwe. Unajua kwa nini? Nilikuwa na furaha. Nilisahau. Si wewe uliyemfuta mama yangu, ni mimi niliyemsahau, kwa ajili ya mwanamume mwenye vumbi kwenye nyusi."

"Usiseme hivyo."

"Ndivyo ilivyo. Nikakufukuza. Nikasema una wivu. Kwa sababu nikikuona nacheka, na kila nikicheka naona mama anazidi kwenda."

Vumbi alizunguka kaunta, akachuchumaa mbele yake. "Hapo sina la kukwambia," alisema. "Mimi baba yangu sura yake imeshanitoka. Nakumbuka anavyokohoa tu. Sijui kama ni dhambi. Ninachojua nimekukosa. Nimekukosa mpaka Jumamosi naogopa ifike."

"Na mimi nimekukosa. Nakupenda, na naona aibu kukupenda."

"Basi ona aibu hapa hapa, karibu yangu."

Alicheka huku machozi yanamtoka, akamshika mikono. Ilikuwa imekauka na kupasuka, mikono ya msasa. Walikaa hivyo, nje magari yanapiga honi, mpaka simu kwenye mkoba ikaita.

"Ni dada." Aliipokea, na kwa kuwa dada yule hakuwahi kujifunza kuongea polepole, Vumbi alisikia kila neno.

"Uko wapi wewe? Nimepiga ofisini wanasema umeondoka unaumwa, nimepiga nyumbani hupokei. Unataka kuniua?"

"Siumwi. Niko dukani kwa fundi miwani."

"Yule mchinjaji?"

"Huyohuyo. Dada, hakufanya makusudi. Nilimwambia mimi. Nitakueleza." Alimtazama mwanamume aliyechuchumaa. "Dada, nataka kuolewa."

"Na nani?"

"Na huyohuyo, akikubali."

"Ameulizwa?"

"Ndiyo anaulizwa sasa hivi. Anasikia."

Nchi mbili zilingoja jibu.

"Mwambie amekubali," alisema Vumbi.

Dada alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. Alicheka, akalia, akamwita shemeji, akamtisha kwamba akimliza mdogo wake atapanda ndege, akacheka tena. Kisha akatulia. Huko aliko watoto wake walikuwa wameshakua na kuondoka, mumewe alikuwa mtu wa kazi za zamu, na simu ya Jumapili, ingawa hakuwahi kukiri, ilikuwa yake pia.

"Haya," alisema, kwa mzaha ambao haukukaa vizuri mdomoni. "Mwenzangu umepata wako. Sasa mama utamsahau, na mimi huku utanisahau."

Miezi iliyopita neno kama hilo lingemtoa mbio dukani mle. Mwanamke aliuachia mkono mmoja wa Vumbi ili ashike simu vizuri, mwingine akaukaza.

"Nitasahau, dada," alisema. "Siku moja moja nitasahau. Mtanikumbusha."